Thamani ya Askari Mmoja

Mjukuu wangu anayesoma kidato cha tatu alikuja kwangu likizo ya Desemba iliyopita, na kama ilivyo desturi yetu, tulipokwisha kula chakula cha jioni tukaandaa ubao wa sataranji. Vijana wa siku hizi wanaiita chesi. Tulipofika hatua ya nne nikafanya kama nilivyofanya kwa zaidi ya miaka 50: nikamsogeza askari wangu wa upande wa kushoto miraba miwili mbele, nikamwacha pale, mdomoni mwa adui. Kijana hakumla. Alitoa simu yake, akaionyesha programu ya sataranji jinsi kete zilivyokaa, akasubiri kidogo, kisha akasema, "Babu, mashine inasema ni karibu na sifuri. Yaani hujapata, hujapoteza."

Nilimwambia kwamba mashine yake imesema kweli, lakini haijasema yote. Tukaendelea kucheza, akanishinda, akaenda kulala akiwa na furaha. Mimi sikupata usingizi mapema. Maneno yale, "hujapata, hujapoteza," yalinikumbusha kafara nyingine ambayo haikufanyika ubaoni, na ambayo hesabu yake nimeikwepa karibu maisha yangu yote.

Kwa faida ya msomaji asiyeujua mchezo huu, hapana budi nieleze kwanza. Sataranji ni vita ya majeshi mawili juu ya ubao wa miraba 64. Ulianzia Bara Hindi, ukapita Uajemi, Waarabu wakaupokea, na jina tulilo nalo sisi Waswahili linatokana na lile la Kiarabu. Kila upande una mfalme, malkia, ngome mbili, maaskofu wawili, farasi wawili, na mbele yao askari wanane wa miguu. Askari ndiye mnyonge kuliko wote. Huenda hatua moja moja, harudi nyuma, na katika hesabu ya wachezaji thamani yake ni moja, hali malkia ni tisa.

Sasa kuna namna za kuanza mchezo ambapo mtu humtoa mhanga askari wake kwa makusudi, bila kulazimishwa. Namna hizo huitwa gambiti, neno lililotoka katika Kiitaliano lenye maana ya kumtia mwenzako ngwala. Ile niipendayo mimi ni Gambiti ya Evans. Ilibuniwa katika miaka ya 1820 na nahodha wa meli, William Davies Evans, mtu wa Wales. Mara nyingi nimemfikiria nahodha yule akiwa safarini, bahari pande zote, akijiuliza kwa nini asitupe mzigo mdogo ili chombo kiende kasi zaidi. Sijui kama ndivyo alivyofikiri, lakini ndivyo gambiti yake ilivyo.

Mambo huenda hivi. Mweupe na Mweusi wote wawili husogeza askari aliye mbele ya mfalme miraba miwili. Kila mmoja hutoa farasi, kisha kila mmoja hutoa askofu. Mpaka hapo wako sawa. Ndipo Mweupe humsogeza yule askari wa kushoto, mraba wa b4, mbele ya askofu wa Mweusi. Askofu akimla, Mweupe husogeza askari mwingine, c3, kumfukuza. Wakati askofu anakimbia kutafuta pa kukaa, Mweupe hupeleka askari wa tatu katikati ya ubao. Njia zinafunguka. Malkia anaweza kutoka upande mmoja, askofu wa pili akatokea upande mwingine na kumzuia mfalme wa Mweusi asiingie ngomeni mwake. Kwa bei ya askari mmoja, Mweupe amenunua wakati na nafasi.

Mchezo huu nilifundishwa mwaka 1970 nikiwa chuo cha ualimu. Mkufunzi wetu mmoja alikuwa na seti ya mbao, nzuri lakini si kamili: askari mmoja mweupe alikuwa amepotea, na mahali pake tuliweka kizibo cha chupa ya soda. Kila nilipocheza na weupe nilikiweka kizibo kile b2, mahali ambapo askari wa gambiti huanzia. Wenzangu walidhani ni mazoea tu. Ukweli ni kwamba ilikuwa rahisi zaidi kutoa kizibo kuliko kutoa askari mwenye kichwa na mabega. Nilipokitoa sikuona kama nimepoteza kitu.

Mkufunzi yule alitufundisha jinsi ya kupima kafara. Alisema wazee wa mchezo wana kipimo chao: askari mmoja ni sawa na hatua kama tatu. Ukitoa askari, hesabu hatua ulizopata. Tukahesabu pamoja katika Gambiti ya Evans, na kila tulipohesabu kwa uaminifu hatukuzidi hatua moja na nusu au mbili. Tukamwuliza, basi mbona mabingwa waliicheza? Akasema kwamba hesabu kavu haitoshi; lazima pia uone njia zilizofunguka na mfalme aliyekwama. Kisha akaongeza swali ambalo sikulisahau: faida hiyo itadumu kwa muda gani? Askari aliyeliwa ameliwa moja kwa moja, lakini wakati ulioupata huyeyuka kama barafu juani. Usipoutumia mapema, kete zitapungua, ubao utakuwa mweupe, na mwishoni mwenye askari mmoja zaidi ndiye atakayeshinda, kwa sababu askari akifika mstari wa mwisho hugeuka malkia.

Historia ya gambiti hii yenyewe ni ya kupanda na kushuka. Mwaka 1852 huko Berlin, Adolf Anderssen aliitumia kumshinda Jean Dufresne katika mchezo ambao wapenzi wa sataranji wanausimulia hata leo. Mwaka 1889 mjini Havana, Mikhail Chigorin aliicheza tena na tena dhidi ya bingwa Wilhelm Steinitz, ambaye alikuwa na imani kwamba ukipewa askari, mchukue, kisha vumilia mashambulizi; na Steinitz akashinda mashindano yale. Baadaye Emanuel Lasker, aliyekuwa bingwa wa dunia kuanzia 1894 hadi 1921, akaonyesha kinga iliyoifanya gambiti ipoteze heshima. Watu wakadhani imezikwa. Lakini mwaka 1995 mjini Riga, Garry Kasparov aliifufua mbele ya Viswanathan Anand, akamshinda katika hatua 25. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama kafara ile ni nzuri au mbaya, nitamwuliza kwanza, ni nani aliyeitoa, na nani aliyepokea, na alifanya nini baada ya kupokea.

Hapo ndipo ninapofika kwenye jambo langu.

Nilizaliwa mwaka 1949 katika milima ya Upare. Tulikuwa watoto watano, na dada yangu alinitangulia kwa miaka miwili. Alikuwa na akili kuniliko. Nasema hivi bila unyenyekevu wa bandia, maana mimi mwenyewe nilikuwa nikifanyiwa hesabu zangu naye jikoni, yeye akikoroga chungu kwa mkono mmoja. Alifaulu mtihani wa darasa la nne akaenda shule ya kati ya wasichana. Mwishoni mwa mwaka 1961, alipokuwa amemaliza darasa la sita, mimi nami nikafaulu darasa la nne. Nchi ilikuwa imepata Uhuru wiki chache tu zilizopita, na watu walikuwa bado wanaimba. Nyumbani kwetu hapakuwa na nyimbo. Kahawa ya baba ilikuwa imepata bei ndogo, na ada iliyopatikana ilikuwa ya mtoto mmoja.

Baba hakuwa mtu mbaya. Alikaa siku tatu bila kusema sana. Siku ya nne alituita, akasema: "Mtoto wa kike ataolewa, aende na elimu yake kwa watu. Huyu akisoma atatuvuta sote." Mambo yakaishia hapo. Dada alikunja sare yake, akanipa sanduku lake la bati na daftari lenye kurasa zilizobaki. Ukurasa wa kwanza alikuwa ameuchana, lakini alama za kalamu yake zilikuwa zimepenya ukurasa wa pili, nami nilizisoma kwa kuinamisha daftari kwenye mwanga. Lilikuwa jina lake na maneno "Darasa la Saba".

Nilisoma kwa ada ile. Nikawa mwalimu, nikawa mwalimu mkuu, nikastaafu kwa heshima. Wadogo zangu wawili niliwasomesha. Nyumba ya wazazi niliiezeka bati. Kwa kipimo cha baba, kafara ilikuwa halali: alitoa askari mmoja mapema, akapata wakati, akafungua njia, na wengine wakapita. Kila mtu kijijini angesema mzee yule alicheza vizuri. Nami kwa miaka mingi nilisema hivyo hivyo.

Lakini nilikuwa nimejiweka upande usio wangu. Kila nilipofikiria jambo lile nilifikiri kama baba, yaani kama Mweupe aliyetoa. Kumbe mimi nilikuwa Mweusi. Mimi ndiye niliyepokea askari. Basi swali langu halikuwa kama kafara ilikuwa halali. Swali langu lilikuwa: mtu akipewa, afanye nini?

Kinga ya Lasker inajibu swali hilo, na jibu lake ni la ajabu kwa mtu anayelisikia mara ya kwanza. Mweusi anamla askari, askofu wake anafukuzwa, anarudi nyuma kwa utulivu hadi mraba wa b6. Mweupe anajiandaa kushambulia. Ndipo Mweusi hajisumbui kumshikilia yule askari wa faida. Anaacha njia wazi kana kwamba anasema, ukimtaka, mchukue. Mweupe akichukua, malkia wote wawili wanabadilishana na kutoka ubaoni, hesabu ya askari inakuwa sawa, na mashambulizi yamekwisha. Mweusi anabaki na jeshi lililokaa sawasawa, wakati askari wa Mweupe wa upande ule wamesimama mbalimbali, kila mmoja peke yake. Walioshindwa na gambiti hii kwa miaka mingi, wengi walishindwa kwa sababu walimng'ang'ania askari wa kupewa hadi mfalme wao akafia palepale. Lasker alifundisha kwamba njia bora ya kupokea ni kurudisha kwa wakati wake.

Mimi sikurudisha kwa wakati wake. Januari mwaka 1989 dada alikuja shuleni kwangu kwa basi, safari ya kutwa nzima, akiwa na mkungu wa ndizi. Binti yake wa kwanza alikuwa amemaliza darasa la saba na hakuchaguliwa kwenda sekondari. Nafasi za serikali miaka ile zilikuwa chache. Palikuwa na shule ya binafsi iliyokuwa tayari kumpokea. Dada hakupiga magoti, hakulia. Alisema tu, "Mdogo wangu, nimekuja kuomba ada ya mtoto." Nilikuwa nimeanza kujenga nyumba yangu, saruji imekwisha kununuliwa na fundi anangoja. Nikamwambia, "Dada, subiri mwaka ujao." Akasema, "Haya." Akalala usiku mmoja, asubuhi akaondoka. Mwaka uliofuata nilikuwa naezeka. Mwaka 1990 binti yule aliolewa.

Nyumba ile ndiyo ninayokaa sasa. Ni nyumba nzuri.

Baadaye nilimsomesha mjukuu wa dada, mtoto wa binti yule yule, hadi akawa muuguzi. Watu walinisifu. Lakini mcheza sataranji anajua kwamba hatua nzuri ikichezwa baada ya wakati wake si hatua ile ile tena.

Basi Januari iliyopita, baada ya mjukuu wangu kunisomea hesabu ya mashine, nilifunga safari kwenda Upare. Dada sasa ana miaka 78. Anatembelea fimbo, lakini macho yake bado yanasoma. Yeye ndiye anayewasomea majirani barua na karatasi zinazotoka ofisi ya kijiji, na kwa miaka mingi alikuwa katibu wa kikundi cha akina mama. Nilimsalimu, tukala, tukaota moto kwa sababu ya baridi ya mlimani. Ndipo nikamwuliza kile ambacho sikuwahi kumwuliza kwa zaidi ya miaka 60.

"Dada, uamuzi ule wa baba ulikuwa wa haki?"

Alikaa kimya kitambo. Nilitegemea moja kati ya majibu mawili: ama aseme ulikuwa wa haki, nitulie, ama aseme haukuwa, niombe radhi. Akasema:

"Ada ilikuwa ya mtu mmoja. Hilo nililiona mwenyewe. Kilichoniuma ni kwamba hakuna aliyeniuliza. Kama baba angeniuliza ningesema ndiyo, aende mdogo wangu. Ningekuwa nimekupa mimi. Sasa nilichukuliwa tu, kama mbuzi wa mahari."

Kisha akaniangalia. "Na wewe uliponiambia nisubiri, hukuniuliza kama naweza kusubiri."

Sikuwa na la kusema. Nilimwomba radhi kwa jambo la mwaka 1989, kwa maneno machache, maana maneno mengi yangekuwa ya kujisaidia mimi. Alisema amesikia. Hakusema amesamehe, nami sikumdai. Asubuhi alinichemshia uji na kunifungia ndizi, kama alivyofanya siku zote.

Tangu siku ile nimeipima upya Gambiti ya Evans, na ninaona mkufunzi wangu alituachia maswali mawili yaliyo sahihi kwa ubao. Umepata nini? Kitadumu kwa muda gani? Lasker anaongeza la tatu, kwa upande wa mpokeaji: utarudisha lini? Kwa ubao maswali hayo yanatosha, kwa sababu askari wa mti haulizwi, naye akimaliza mchezo anarudishwa sandukuni pamoja na malkia. Lakini sisi wazee, walimu wakuu, wazazi, wenyeviti, tunapenda mno kuyahamisha mambo ya ubao kuyaleta katika nyumba za watu. Tunasema mmoja akubali kuumia ili wengine wapite. Mara nyingine ni kweli hakuna njia nyingine. Ada ni ya mtu mmoja. Hata hivyo lipo swali la nne ambalo mashine ya mjukuu wangu haiwezi kulihesabu: yule anayetolewa, ameulizwa?

Nikiwa mwalimu mkuu nilifanya maamuzi mengi ya namna hii. Nilihamisha walimu, nilipunguza wanafunzi wa bweni, nilichagua nani apate kitanda na nani atembee. Mengi nadhani yalikuwa sahihi kwa hesabu. Najaribu kukumbuka ni mangapi nilimwita mhusika kwanza nikamweleza hali ilivyo na kumsikiliza. Hayafiki matano. Mkononi mwangu wote walikuwa vizibo vya soda.

Kuna jambo moja zaidi. Katika dama, mchezo ambao wengi wetu tulikulia nao chini ya miembe, kula ni lazima. Ukiwekewa kete mbele huna hiari. Katika sataranji si hivyo. Mweusi akiona askari pale b4 anaweza kukataa, akarudisha askofu wake nyuma na mchezo ukaendelea. Kwa miaka mingi nilijitetea moyoni kwamba nilikuwa mtoto wa miaka 12, na kwamba kwangu ule ulikuwa mchezo wa dama. Kwa mwaka 1962 utetezi huo naukubali. Kwa mwaka 1989 siukubali. Wakati ule nilikuwa na miaka 40, na ubao ulikuwa wa sataranji.

Mjukuu wangu alirudi tena likizo ya Pasaka. Safari hii yeye alicheza na weupe, na hatua ya nne akanisogezea askari wake b4, akicheka. Nilimla. Nikarudisha askofu wangu taratibu hadi b6, kisha nikamwachia askari wangu achukue akipenda. Akashangaa. "Babu, umekosea? Ulikuwa umeshapata moja zaidi." Nikamwambia sikukosea, kilichopokelewa kina siku yake ya kurudishwa. Alichukua. Malkia wakabadilishana, mchezo ukawa mrefu na wa utulivu, tukatoka sare.

Wakati tunarudisha kete sandukuni alinikumbusha kwamba ada yake ya muhula ujao baba yake ameomba niisaidie. Nikamwuliza dada yake mdogo naye anadaiwa kiasi gani. Hakujua. Nikamwambia ampigie simu palepale, tena asimwulize baba; amwulize yeye mwenyewe.